Kugawana na Kugabana

Mahoko, saa saba mchana

Keza mwanangu,

Karatasi hizi utazikuta sandukuni mwako, juu ya sweta lako la kijani, chini ya mandazi niliyokufungia. Najua utazifungua leo hii hii kwa shangazi yako Gisenyi, kabla hujavua hata viatu, maana tangu utoto hujawahi kuona kitu kimefungwa ukakiacha. Safari hii ni vizuri. Nataka uzisome leo, kesho utakuwa umechelewa.

Habari ya kula, kuvaa na kujifunika baridi sitakuandikia. Una miaka ishirini na mitatu, na Nyagatare unakokwenda kuanza kazi si mwezini. Naandika nikiwa chumba cha pasi. Wenzangu wamekwenda kula, mimi nimetandaza karatasi juu ya shuka la hoteli, na tajiri wetu Papa Bahati akiingia nitamwambia naandika orodha ya foronya. Unaona mama yako alivyo. Hata barua kwa mwanawe anaianza na uongo mkononi.

Mwezi uliopita uliporudi kutoka kwenye usaili wa kazi Kigali, ulisimama mlangoni kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, ukaniambia: "Mama, wameniuliza nitoe mfano wa ugomvi wa maji uliokwisha vizuri. Nimewasimulia wa kwetu. Nimewaambia mama yangu ndiye aliyewapatanisha watu." Ukacheka. Mimi nikasema Mungu ni mwema, nikatoka nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka chai jikoni ikamwagika yote. Ulidhani nalia kwa furaha, ukanijia na kitambaa.

Sikumpatanisha mtu, Keza. Nakuandikia hivi wazi nisipate pa kukimbilia. Nilikosea neno moja mbele ya watu, na kosa lile likafanana na amani, nami nikaliacha likae miaka sita.

Jambo lenyewe unalijua juu juu, kwa sababu ulikuwa mwaka wa nne wa sekondari na kichwa chako kilikuwa kwenye mitihani. Acha nikusimulie kama lilivyokuwa. Kile kisima cha wanawake wa karoti kilikuwepo kabla yetu, kabla sisi hatujarudi kutoka Tanzania. Walikichimba wenyewe, Mama Claudine na wenzake, kwa nyundo na patasi katikati ya mawe meusi ya volkano, kwa kuwa mto Sebeya ukijaa unakuwa rangi ya chai ya maziwa, na karoti iliyooshwa humo hakuna mteja anayeigusa sokoni. Ndipo akaja Papa Bahati kutoka Goma. Akanunua kiwanja cha juu, hatua mia mbili kutoka kisimani, akajenga dobi la mashine la kufulia mashuka ya hoteli za ziwani. Hakugusa kisima cha mtu. Alileta gari la kuchimbia, akatoboa shimo refu kwake mwenyewe, akatia pampu.

Haikupita miezi mitatu, ndoo za akina Mama Claudine zikaanza kupanda na tope. Wakaja getini na vikapu vyao, wakavipanga njiani, gari la mashuka likashindwa kutoka. Gitifu, yule mkuu wa akagari, kata yetu hii, wa wakati ule, akaitisha kikao. Yeye alikuwa mtu wa Kusini asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Papa Bahati naye Kinyarwanda chake ni cha kuombea chumvi. Wakatafuta mtu wa kusimama katikati, na watu wakasema, Mama Keza yupo, amezaliwa Karagwe, ana Kiswahili cha redio.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu, hata marehemu baba yako. Nilifurahi. Tuliporudi nchini nilikuwa msichana mkubwa, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekwa. Nikienda dukani watoto walinifuata wakiniiga. Mama Claudine peke yake ndiye aliyekaa nami barazani kwa mama yake, akinisahihisha neno moja moja huku tunamenya viazi, bila kunicheka, na ndiyo sababu nilimchagua awe mama yako wa ubatizo. Sasa siku ile wote walionicheka walikaa kwenye mabenchi wakiningojea mimi nifungue mdomo. Nilivaa kitenge kile cha bluu. Nilijipaka mafuta mpaka kwenye viwiko.

Papa Bahati akasimama. Alisema hivi, nakumbuka kila neno: "Mama Keza, ambia bale bamama, mi sikukuya kubanyanganya kitu. Maji ya kule chini ni moja tu. Donc, tugawane."

Tugawane. Aliposema vile alikuwa anafikiria sinia moja, watu wamelizunguka, kila mmoja anautazama mkono wa mwenzake asije akamaliza nyama. Kwa Kinyarwanda hilo ni gusangira. Ningelisema hilo, mambo yangekuwa mengine. Lakini mimi, kwa haraka na kwa maringo, niliona neno lililo karibu, pacha wa lile alilolitumia, nikalichukua bila kuligeuza nyuma. Nikasema: kugabana. Nawe uliyezaliwa hapa unajua kugabana ni nini. Ni kile wanachofanya ndugu baba yao akishazikwa. Hapa mpaka hapa pako, hapa mpaka pale pangu, na asiulizane mtu tena.

Wanawake kwenye benchi wakatazamana. Nikadhani wameguswa na wema wake. Mama Claudine akauliza kwa Kinyarwanda: kwa hiyo kisima ni chetu kabisa, na lile shimo lake ni lake kabisa? Nikamgeukia Papa Bahati nikamwambia, anauliza kama umekubali kugawana kweli. Papa Bahati akasema mais oui, bila shida, akaweka mkono kifuani. Gitifu akaandika kama nilivyomtafsiria. Kisima cha wanawake, shimo la dobi, kila upande na chake, asiingilie mtu fungu la mwenzake. Muhuri ukapigwa. Chini kabisa, kwenye mstari wa mtafsiri, niko mimi na mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni.

Unaweza kuniuliza nilijua lini. Nilijua jioni ile ile, njiani. Mama Claudine alinishika mkono akaniambia, ahsante dada, umetugawia kama mzazi anavyogawa shamba. Hapo ndipo nikalisikia neno nililolisema. Gitifu alikuwa bado anahangaika na kufuli la ofisi, ningeweza kurudi. Hatua thelathini tu. Nikatazama watu wanavyocheka, nikatazama kitenge changu, nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite.

Na kweli alipita, kwa miaka minne. Mvua zilinyesha vizuri, kisima kikajaa, pampu ikavuta, karoti zikang'aa, na watu wakasema Mama Keza ana hekima. Papa Bahati akanipa kazi hii ya pasi. Walipogombana tena watu wa mfereji wa Kanama, waliniita mimi. Nilitembea hapa Mahoko kama mke wa waziri. Ile amani yote ilikuwa mvua, mwanangu, na mvua haikuwa yangu.

Tena neno lile halikuwa kosa langu la pekee, ndilo tu lililoandikwa. Nilipokuwa mtafsiri nilikuwa na tabia moja mbaya kuliko kutojua maneno. Nilikuwa natia sukari. Mama Claudine akisema mwambie huyu mwizi mitoto yake inywe sabuni, mimi nilisema, mama huyu ana wasiwasi kidogo. Papa Bahati akisema bale bamama ni bavivu, bende bachimbe yabo, mimi nilisema, anawaheshimu sana kwa bidii yenu. Nilijiona mpatanishi. Miaka yote hiyo, niliamini mpaka leo asubuhi, hao wawili hawakuwahi kusikia hasira ya mwenzao hata siku moja, walisikia adabu yangu tu. Nikadhani kila mmoja amekwenda nyumbani anaamini mwenzake amekubali. Hasira haikwenda popote, ilikaa inangoja kiangazi.

Lakini kosa linaloniuma kuliko yote nilikufanyia wewe.

Baada ya kikao kile, ulipokuwa likizo, ulichukua ile kamba ya mbuzi, ukaifunga mafundo kila urefu wa mkono, ukafunga jiwe mwishoni. Kila asubuhi na kila jioni ulikwenda kisimani ukaishusha, ukahesabu mafundo yaliyorudi makavu, ukaandika kwenye daftari la jalada jekundu. Wanawake walikuita mganga wa kisima. Baada ya wiki nne ulikuja mbio, nami nilikuwa napepeta maharage, ukasema: "Mama, Jumapili dobi likifungwa, maji ya kisima yanapanda mafundo mawili. Jumatatu jioni yameshuka tena. Mama, ni maji mamoja."

Nilikutazama ukiwa umesimama pale na magoti yenye matope, ukiwa umegundua peke yako kwa kamba ya mbuzi kile kitu ambacho mimi nilikizika kwa muhuri wa serikali. Kama maji ni mamoja, basi hayagabanyiki. Chini ya mawe yale hakuna ukuta wa kutenganisha fungu la Mama Claudine na fungu la Papa Bahati. Na kama hayagabanyiki, mtu angeuliza nani alisema kugabana. Kwa hiyo nilifanya nini? Nilikwambia mtihani unakaribia, achana na mambo ya visima. Nikalichukua daftari nikalifungia sandukuni. Ulininunia wiki nzima na nilikuacha uninunie.

Halafu ukaenda chuo kusomea maji hayo hayo. Nilikutengenezea kizuizi, ukakiruka. Sijui nikushukuru au nilie.

Miaka miwili hii mvua zimekuwa haba, na sasa hiki kiangazi umekiona mwenyewe. Kisima kimekauka mpaka jiwe la chini linaonekana. Wanawake wanashuka mpaka bomba la barabarani, wanapanga madumu foleni kabla jua halijachomoza, na karoti zinazofika sokoni zimechelewa, wateja wameshakwenda. Papa Bahati naye pampu yake inakohoa hewa, kwa hiyo anaiacha iende mchana na usiku ili apate kidogo kidogo, na kadiri anavyovuta ndivyo kinavyozidi kukauka cha chini.

Na unajua kinachowafanya wasisogee hata hatua moja? Ile karatasi yangu. Mama Claudine anasema fungu letu limeliwa, karatasi ipo. Papa Bahati anasema mi navuta fungu yangu, karatasi iko. Kila mmoja ana haki kamili kwa mwandiko wangu, na maji hayapo. Kikao kipya ni kesho, saa tatu asubuhi, uwanjani mbele ya ofisi ya akagari. Gitifu wa sasa ni kijana, amepata nakala ya kikao cha zamani, amesema kesho kitaamuliwa kwa kufuata maandishi. Akiamua kwa maandishi, hakuna wa kuizuia pampu hata siku moja, kwa sababu fungu ni lake. Na hakuna wa kuwalazimisha wanawake wakae wazungumze, kwa sababu kisima ni chao, hata kama kina jiwe tu. Watatoka pale kila mtu ameshinda, na wiki ijayo watapigana. Vijana wa Mama Claudine wamekwisha kusema wataukata waya wa pampu. Kwenye ule waya kuna umeme, Keza.

Wiki hii nilianza kuchokonoa polepole, nione kama kuna upenyo. Juzi nilimwambia Papa Bahati, hapa hapa nilipokaa, kwamba nadhani kwenye ile karatasi kuna neno halikukaa sawa. Hakuniuliza neno gani, nikajua analijua. Alichukua foronya akaikunja vizuri sana, ana mikono ya mtu aliyeanza kazi akiwa mdogo, akasema: "Mama Keza, ile karatasi iko muzuri. Usiiguse. Mukinifungia kazi, we na bale bamama kumi na moja ya pasi, mutaenda kupiga pasi wapi?" Hakunitisha. Alisema kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonibana zaidi. Mama mmoja hapa ana mume amelazwa tangu Pasaka. Wawili wanalea wajukuu.

Leo asubuhi nikaenda kwa Mama Claudine. Nilimkuta amekaa uani na karoti ambazo hazijaoshwa, anazikwangua udongo kwa kisu. Nilikuwa nimejipanga usiku kucha. Nikamwambia kila kitu, neno lile, pacha wake, jioni ile, kufuli la ofisi. Sikutia sukari. Nikangoja anitemee mate.

Akaendelea kukwangua. Halafu akaacha Kinyarwanda, akanijibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha Goma, chepesi, kinateleza: "We Mama Keza. Mi navukaka mupaka ya Petite Barrière na karoti miaka makumi mbili. Nauzia bamama ya soko ya Virunga, nagombana na baporteri, natukanwa, natukana. Unazani mi sijue Kiswahili?"

Miaka yote ile alikuwa ananiacha nimtafsirie.

"Siku ile nilisikia yeye mwenyewe," akasema. "Alisema tugawane, tukunywe pamoja. Na nikasikia we unasema kugabana. Nikajua umekosa. Nikanyamaza, juu kosa yako ilikuwa muzuri kwetu. Mutu ya mashine na mutu ya ndoo bakikula sinia moja, nani atashiba? Ndiyo maana nikauliza mbele ya gitifu, kisima ni chetu kabisa? Nilitaka iandikwe."

Unaona, Keza? Nilibeba peke yangu miaka sita mzigo ambao mwenzangu alikuwa ameushika upande wa pili. Nilitaka kucheka. Nikamwambia, basi kesho tuseme wote wawili. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Kesho unyamaze," akasema. "Yeye iko na feza na baavoka ya kumusemea. Sisi tuko na karatasi. Ukiitosha mu mikono yetu, tunabaki uchi. Nilikufundisha kusema, dada. Leo nakuomba kunyamaza."

Akarudi kwenye karoti zake. Nilipotoka hakunisindikiza mpaka njiani, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu tujuane.

Watu husema njia mbili zilimshinda fisi. Mimi hata mbili sina. Nikisema, Mama Claudine ananikataa maisha yake yote, na kazi hii inakwenda, na wenzangu kumi na mmoja labda nao. Nikinyamaza, kesho watu wanaamua kwa neno ambalo wote watatu tunajua ni la uongo. Zamani lilikuwa kosa. Tangu leo asubuhi siwezi kuliita kosa tena. Na upande mwingine kuna wewe, uliyeajiriwa ukiwa na habari ya mama yako mdomoni. Kila ukuta ninaougusa una mtu ninayempenda nyuma yake. Nimekaa hapa napiga pasi mashuka ambayo sitayalalia, na siwezi kwenda popote, na wewe unakwenda. Ndiyo, nimekuonea wivu. Nimekuonea wivu wiki nzima, ndiyo maana nilikuwa nakugombeza juu ya sanduku.

Huko Nyagatare utakaa kati ya wafugaji na wakulima wa mahindi, na wote wananyonya maji ya chini ambayo hakuna aliyeyaona. Sina somo la kukupa, umesoma kunizidi. Ila mtu akikuletea neno zuri, muulize kesho asubuhi atafanya nini nalo. Nani atateka, saa ngapi, mpaka dumu la ngapi, na maji yakishuka nani ataacha kwanza. Halafu ukamuulize na mwenzake, kwa lugha anayoota nayo usiku. Mimi sikuuliza. Nilisikia tugawane nikaridhika, kwa sababu linasikika vizuri. Wakitukanana, waache watukanane kidogo, na utafsiri matusi yote kama yalivyo. Na kikao kifanyie kisimani, si ofisini. Ofisini watu walitazama mdomo wangu. Wangekuwa wamesimama juu ya kisima na kamba yako mkononi, wangetazama maji.

Usije pia ukadhani Mama Claudine ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala usingizi. Ana haki ya kuogopa. Mashine haijawahi kuiachia ndoo kitu kwa hiari yake. Nikiwavua karatasi ile kesho, siwezi kumwahidi kwamba watapata kilicho bora. Labda watapata siku mbili kwa wiki pampu ikiwa imezimwa, na watu wa pande zote wanaosimama kuhesabu mafundo. Labda hawatapata hata hizo. Ninachojua ni kwamba sasa hivi hawana kitu ila muhuri, na muhuri hauoshi karoti.

Daftari lako jekundu nimelitoa sandukuni leo. Sikurudishii bado, nalihitaji kesho. Panya wamekula pembe moja lakini tarakimu zote zipo, na mwandiko wako ulikuwa mbaya kuliko nilivyokumbuka. Nitamwambia gitifu ni la nani. Nitamwambia pia kwa nini lilifungiwa.

Kuhusu wakubwa zako wa kazi na hadithi uliyowapa, sikuombi uwaambie wala usiwaambie. Hilo ni lako, amua mwenyewe. Nimekuvuruga vya kutosha kwa kuamua kwa niaba yako. Nataka tu uwe unajua unapoingia mlango wao, usije ukaisikia habari hii kwa mtu mwingine ukadhani nilikuficha mpaka mwisho. Unisamehe. Si lazima iwe leo.

Wenzangu wanarudi, nasikia viatu vyao kwenye kokoto, kwa hiyo namalizia jambo lililonifanya niandike badala ya kukuambia kwa mdomo. Tulikubaliana kesho nishuke Gisenyi alfajiri, nikae nawe kituoni mpaka basi liondoke saa tatu. Sitakuja. Jioni hii nitakapokupakia kwenye pikipiki uende kwa shangazi yako, nitakukumbatia kama mtu atakayekuona kesho, na utanilaumu baadaye kwamba nilikumbatia haraka haraka. Ningekuambia, ungekataa kuondoka. Au ungenisihi ninyamaze, kwa huruma, nami ningekutii.

Basi lako litapita hapa Mahoko kama saa tatu na nusu. Uwanja wa akagari unaonekana kutoka barabarani, upande wa kushoto, baada ya soko. Utaona watu wamekaa. Utaniona nimesimama, kitenge cha bluu. Mama Claudine atakuwa benchi la mbele, na kama namjua, atakuwa amegeuza uso.

Nakuomba usimwambie dereva asimame. Nikikuona unashuka kwenye basi lile, Keza, nitakaa chini na sitasema kitu.

Mama yako